Ugwe wa Erkinai

Erkinai alitambaa miezi mitano, akasimama siku mbili, na siku ya tatu akakimbia. Hakuna aliyemwona akitembea. Bibi yake, Shaarkan, anaapa mpaka leo kwamba alichokiona yeye ni mtoto aliyeinuka kutoka kwenye zulia, akautazama mlango, akamtazama bibi, kisha akatoka mbio na ufagio mkononi kuwafukuza mabata wa jirani.

Tangu siku hiyo nyumba ile haikutulia. Katika wiki moja tu Erkinai alimwaga chumvi yote kwenye ndoo ya maziwa, akawafungulia wanakondoo waliokuwa wakiachishwa kunyonya, akala kipande cha sabuni na kuomba kingine. Kofia ya baba yake, ile nyeupe ndefu ya kuvaliwa kwenye sherehe, aliitumbukiza ndani ya kiriba cha maziwa ya farasi yaliyokuwa yakichachuka. Mirbek, baba mtu, aliivaa hivyo hivyo kwenye arusi ya rafiki yake, ikinuka, na akamweleza kila aliyeuliza, "Binti yangu ameibariki."

"Siyo mtoto huyu," alisema Jipara, dada yake Mirbek, aliyeolewa nyumba ya pili kutoka hapo na aliyekuwa haachi kupita kuangalia mambo. "Huyu ni upepo wenye meno."

"Meno sita," alijibu Kalipa, mama mtoto. "La saba linakuja."

Kalipa alikuwa mtengenezaji wa mazulia ya sufu. Bonde zima lilikalia kazi yake. Mguu wake wa kulia ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto kwa upana wa vidole vitatu, hivyo hatua zake hazikulingana: moja nzito, moja nyepesi, moja nzito, moja nyepesi. Mbwa wa nyumbani aliusikia mwendo huo tangu darajani na kuanza kutikisa mkia.

Pale kijijini, mtoto akianza kutembea hufungwa miguu yake miwili kwa ugwe uliosokotwa kwa sufu nyeusi na nyeupe. Watu hushindana mbio, na atakayetangulia kumfikia mtoto ndiye huukata ugwe kwa kisu, ili njia yake duniani ifunguke. Na wote husema mtoto humfuata aliyemkatia: akiwa mwepesi, mtoto atakuwa mwepesi, akiwa mvivu, basi tena.

Ugwe wa Kalipa mwenyewe ulikatwa na mjomba wake Sagin, aliyekuwa akichechemea kwa ajali ya kiwanda cha mbao. Siku hiyo mjomba alifanya utani. Wenzake walipoanza mbio kule mwisho, yeye alikuwa amejibanza katikati ya njia nyuma ya kichaka, akachomoka akafika wa kwanza, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kalipa akatembea vizuri miaka minne. Alikimbia, alipanda miti, alipanda farasi. Akiwa na miaka mitano farasi mmoja mwekundu alimwangusha kwenye mawe, mfupa wa paja ukavunjika. Theluji ilikuwa imeifunga barabara. Siku tisa hakuna daktari aliyefika, na mfupa haukungoja, ukajiunga wenyewe ulivyotaka.

Hicho ndicho kilichomlemaza: barabara ambayo haikuzolewa theluji. Lakini barabara haina uso wa kulaumiwa, na mjomba alikuwa nao. Kijiji kikasema, "Si mnaona? Aliyemkatia alikuwa kiwete." Sagin aliishi miaka ishirini zaidi, na hata siku moja hakukubali tena kukimbia kwenye sherehe ya mtoto. Alikuwa akisimama mbali na kupiga makofi.

Sasa Shaarkan alitangaza kwamba ugwe wa Erkinai ungekatwa Jumapili.

"Tukichelewa huyu atajikatia mwenyewe," alisema. Alikuwa ameketi mlangoni akisokota ule ugwe, mweusi na mweupe, huku akinong'ona dua yake katika kila msokoto. Erkinai alikuwa amechuchumaa mbele yake akiukodolea macho kama paka anayetazama nyama. "Safari hii nataka wanawake ndio wakimbie. Nimeshamwita Aiperi."

Aiperi alikuwa msichana wa darasa la kumi aliyewashinda wasichana wa wilaya nzima mbio za mita mia mbili.

"Hapo sawa, mama," alisema Jipara. Mtoto wake wa kiume, ambaye alikuwa bado anatambaa, alikuwa amelala begani mwake. "Na wewe wifi, utamshika mtoto pale mwisho. Si ndiyo?"

"Ndiyo," alisema Kalipa.

Alisema haraka mno. Baadaye, akichambua sufu peke yake, ndipo alipojiuliza kwa nini ulimi wake haukusita hata kidogo. Maneno ya wifi alikuwa ameyazoea kama baridi. Kilichomuuma ni kwamba yeye pia, aliyejua habari za yule farasi na zile siku tisa kuliko mtu yeyote, aliogopa. Aliogopa kumgusa mwanawe kwa kisu. Walikuwa wamempandikizia hofu yao, naye alikuwa ameimwagilia maji.

Alhamisi walikuja wanawake wanane kutengeneza zulia ambalo Erkinai angesimamishwa juu yake. Walitandika mkeka wa matete uwanjani, wakatandaza sufu ya kahawia, na juu yake Kalipa akapanga kwa vidole michoro ya pembe za kondoo dume kwa sufu nyekundu, pole pole, kama mtu anayemchana nywele mgonjwa. Alipogeuka kuchukua birika la maji ya moto, Erkinai akapita. Alipita katikati, kutoka kona hadi kona, ameshika kitu ngumi imefumba, akaanguka, akagaagaa, akainuka na ndevu nyekundu.

"Mkamateni!"

"Kamata wewe! Mimi nina magoti ya kukopa!"

Mirbek ndiye aliyemnasa kwenye banda la kuku. Ngumi ilikuwa tupu. Kalipa akarudishia pembe zilizovurugika, isipokuwa moja iliyopinda kama mkia wa mbwa, hiyo akaiacha. Wakanyunyiza maji, wakaviringisha mkeka na sufu yake, wakaufunga kwa kamba, wakaanza kuushindilia kwa miguu.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Sufu haishiki mpaka iumie. Saa tatu nzima wanawake hulikanyaga lile furushi likisukumwa mbele na nyuma, na lazima awepo mmoja anayetoa mdundo, vinginevyo zulia hutoka na mabonde. Huyo mmoja, katika kijiji kile, alikuwa Kalipa. Mguu mzito, mguu mwepesi. Puu, ti. Puu, ti. Wanawake wenye miguu mizima walimfuata yeye, na mazulia yao hayakujua kuchanika. Miaka kumi alikuwa akifanya hivyo na hakuna aliyewahi kulitaja jambo hilo kama sifa.

Erkinai akaponyoka tena. Safari hii hakuharibu kitu. Alikuja akasimama kando ya mama yake, akashika pindo la gauni, akaanza kukanyaga. Puu, ti. Puu, ti. Mguu wa kushoto aliutua kwa nguvu, wa kulia akaugusisha tu.

"Mama!" Jipara akapiga kelele. "Mama, njoo umwone! Mtoto anachechemea!"

Mdundo ukakatika. Shaarkan akatoka jikoni na unga mikononi, akamtazama mjukuu wake, akamtazama mkwewe. Alimbeba mtoto, akaingia naye ndani, akafunga mlango. Mtoto akalia huko ndani kwa hasira, na wanawake wakayaangalia maji yaliyokuwa yakichuruzika kwenye matete.

"Tuendelee," alisema Kalipa. "Sufu inapoa."

Jioni ile, wakilisuuza zulia mtoni, Mirbek alimwambia mkewe, "Kimbia Jumapili."

"Wanane watakimbia. Nitakuwa wa tisa."

"Kwani wa tisa amekatazwa?"

"Watacheka, Mirbek."

"Mimi nilikwenda arusini na kofia inayonuka maziwa. Nilikufa?"

Kalipa alimrushia maji. Lakini hakulala vizuri usiku wa siku tatu zile.

Jumapili asubuhi ugwe haukuonekana.

Shaarkan alikuwa ameuweka juu ya kabati, aliapa kwa macho yake yote mawili. Watu wakaanza kutafuta. Walipekua ndani ya viatu, chini ya mito, kwenye gunia la unga, ndani ya kiriba. Walipata kijiko kilichopotea tangu majira ya baridi, kitufe cha koti la Mirbek, na yai. Wageni walikuwa wakifika tayari, farasi wakifungwa kwenye mipopla, ile miti mirefu ya mwanzo wa njia, mandazi yakipangwa kwenye kitambaa cha kulia kilichotandikwa chini. Erkinai alikuwa akiwafuata watafutaji nyuma nyuma, akichungulia kila walipochungulia, akitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Sokota mwingine, mama," alisema Jipara. "Sufu si ipo?"

"Sufu ipo. Dua je? Nimelia ndani ya ugwe ule. Unasokota machozi mara mbili?"

Kalipa alikuwa akilitandika lile zulia jipya uwanjani. Alipitisha kiganja chake kwenye ukingo, kama afanyavyo kwa kila zulia kabla ya kulitoa, na kiganja kikakutana na tuta. Lilikuwa jembamba, refu, limejikunja kama mnyoo. Akakumbuka ile ngumi iliyofumba, na jinsi mtoto alivyogaagaa. Akajikuta anacheka peke yake.

"Mama," aliita. "Ugwe uko hapa. Ameutia ndani ya zulia, tukaushindilia."

Wakakusanyika. Mmoja alisema waache, mwingine akasema zulia zuri namna hii haliwezi kuchanwa kwa ajili ya uzi. Kalipa hakungoja wamalize. Alichomoa kisu chake kifupi cha kazi kutoka kiunoni, akapiga magoti, akaufungua ukingo wa zulia alilolitolea jasho, kipande cha kiganja kimoja, akaziachanisha nyuzi kwa sindano kubwa mpaka ugwe ukatoka. Haukuwa ugwe tena. Ulikuwa mgumu na wenye manyoya, umeshikana kama mzizi, na sufu nyekundu ya ile pembe imeuganda upande mmoja.

"Dua yako imo, mama," alisema, "na jasho letu pia."

Shaarkan akaupokea kwa mikono miwili. Wakamkamata Erkinai, kazi ya watu watatu, wakamsimamisha juu ya zulia na kumfunga miguu.

"Haya wifi, mshike sasa," alisema Jipara.

Kalipa alimtazama mwanawe, aliyekuwa tayari ameinama kujaribu kuling'ata lile fundo. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi mitatu, amefungwa miguu, na hakuna dalili yoyote usoni mwake kwamba anafikiri jambo hilo linamhusu. Ndipo Kalipa alipoona aibu, si ya mguu wake, bali ya lile "ndiyo" alilolisema haraka.

"Mshike wewe, wifi," alisema. "Mimi nakwenda kukimbia."

Jipara akafungua mdomo, lakini Kalipa alikuwa ameshampa kisogo, anaelekea kwenye mipopla walikojipanga wenzake.

Mirbek alidondosha ile kofia yake, na mbio zikaanza. Aiperi aliondoka kama jiwe lililotupwa. Wengine walimfuata wakishikilia sketi na vilemba, wakicheka, wakisukumana. Kalipa alikuwa wa mwisho kabla ya hatua ya kumi. Njia ilikuwa na mashimo ya kwato, na mguu mfupi haujui mashimo. Aliona migongo ya wenzake ikienda mbali, akasikia mzee mmoja akisema, "Huyu naye?", na mwingine akamnyamazisha. Alikuwa anakimbia kwa mara ya kwanza tangu akiwa na miaka mitano. Upepo ulikuwa uleule. Hilo lilimshangaza: upepo ulikuwa umemngoja wakati wote huo.

Kule mbele shangwe zilipasuka, Aiperi amefika. Alipiga magoti, akapewa kisu chenye mpini mweupe, akaupitisha kwenye ugwe. Ugwe haukukatika. Akapitisha tena. Kisu kiliteleza juu ya sufu iliyoshikana kama kinachokata soli ya kiatu.

"Vuta kwako!"

"Usivute, utamkata mtoto!"

Erkinai aliuona mchezo ule ni mzuri kuliko yote aliyowahi kufundishwa. Aiperi akiinamisha kisu, yeye anakaa juu ya ugwe. Akiinuliwa, anacheka na kukunja magoti. Mwanamke wa pili alijaribu, akashindwa, na wa tatu akasema kisu ni kibovu. Aiperi, bingwa wa wilaya, alikuwa anakaribia kulia.

Kalipa akafika wakati huo, anahema, nywele zimetoka kilembani. Mtu wa tisa. Watu wakampisha bila kujua kwa nini.

"Dada," alisema Aiperi, akiinua uso mwekundu, "mimi nimeshindwa. Haukatiki."

"Ugwe uliofanywa zulia hukatwa kama zulia," alisema Kalipa. "Unaloweshwa maji ya uvuguvugu, kisha kisu kinaingia upande, kwa mlalo. Ukikereza kutoka juu, utakereza mpaka kesho."

"Basi mfundishe Aiperi akate," alisema Jipara. "Mama, usimruhusu. Mama, mtoto ameshaanza kuchechemea, tumemwona wote! Mnataka yawe yaleyale ya Mjomba Sagin?"

Kalipa alimgeukia wifi yake. Hakupandisha sauti.

"Mjomba Sagin alinikatia nikiwa na mwaka mmoja. Niliangushwa na farasi nina miaka mitano. Hapo katikati nilikuwa nakimbia, na wapo hapa niliowashinda. Mnaijua miaka yote hiyo, wifi, hamtaki tu kuijumlisha. Mjomba amekufa akiamini amenilemaza. Amekufa na kosa la theluji."

Mzee mmoja, aliyekuwa rika la Sagin, akavua kofia, akaitazama ndani.

Shaarkan ndiye aliyesogea. Watu walidhani anakwenda kumchukua mtoto, kama alivyofanya Alhamisi. Akaenda mekoni, akachukua birika, akamimina maji kidogo kwenye kiwiko chake, kama afanyavyo kila anapomwogesha Erkinai. Akaongeza baridi, akajaribu tena. Kisha akarudi, akapiga magoti juu ya zulia, na kwa mkono wake akaanza kuulowesha ugwe, pole pole, akiizuia ile miguu midogo isirushe maji.

"Tosha?" aliuliza.

"Bado kidogo, mama."

Akamimina tena. "Kata, mwanangu."

Kalipa alichomoa kisu chake, akakilaza, akakisukuma mara moja. Ugwe ukaachia bila hata sauti, na nusu zake mbili zikaanguka kila moja upande wake.

Erkinai akaitazama miguu yake. Akamtazama mama yake. Halafu, mbele ya kijiji kizima, akaanza kutembea kuelekea kwa bibi: puu, ti. Puu, ti. Mguu mmoja mzito, mwingine mwepesi. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jipara akaziba mdomo kwa kiganja. Kalipa alihisi kisu kikimlemea mkononi.

Hatua ya nne mtoto akasimama, akageuka, akawaangalia wote mmoja mmoja kuhakikisha wanatazama. Akatabasamu meno sita na nusu. Kisha akainama, akanyakua nusu ya ugwe, na akachomoka mbio, miguu miwili sawasawa kama mishale, kupita katikati ya mandazi, chini ya tumbo la farasi, moja kwa moja hadi kwenye mipopla.

"Alikuwa anatuigizia!" Shaarkan alipiga kelele, machozi yakimtoka kwa kicheko. "Mwizi huyu! Anajua miendo yote miwili! Aiperi, mkamate!"

Aiperi alimkamata, lakini mtoto alikuwa ameshafika mtoni.

Kalipa hakuushona ule ukingo wa zulia. Alitaka, ila Shaarkan alimkatalia, akalitundika ukutani mahali mgeni hawezi kukosa kuliona, na lile pengo la kiganja kimoja likiwa juu. Kila mgeni aliyeuliza alisimuliwa habari yote, na kila mara bibi alimalizia kwa kidole kuelekea kwa mkwewe. "Mtengenezaji bora wa mazulia bondeni kote ndiye aliyemkatia. Mlitaka akatiwe na nani?" Hapo Kalipa huinamia sufu yake kama hasikii. Masikio lakini huwa mekundu.

Vuli ilipofika, mtoto wa Jipara naye akasimama. Jipara alikuja asubuhi moja, akakaa, akanywa bakuli tatu za chai, akazungumzia bei ya nyasi, akamtoa Erkinai ndani ya ndoo, akaanza tena habari za nyasi.

"Wifi," alisema mwishowe, akitazama mlango. "Jumapili ijayo tunamkatia mwanangu ugwe. Utakuja kukimbia?"

Kalipa aliendelea kuchambua sufu. "Unajua nitakuwa wa mwisho."

"Najua," alisema Jipara. "Tutakungoja."